Kwa Nini Mwenye Chombo Hakitazami Kihori Chake

Zamani hizo, kabla kamba haijafundishwa kazi ya kufunga vyombo, kihori hakikuburutwa nyuma ya mashua kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kilikwenda chenyewe. Mwenye chombo akitweka tanga, kihori chake kilijivuta kutoka pale kilipolala, kikamfuata. Akitia nanga, kihori kilikuja ubavuni kumpokea na kumfikisha nchi kavu. Akikihitaji alikiita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anavyomwita mtoto aje kula, nacho kilikuja bila kafi wala upondo. Najua mkiambiwa hivyo mnatazamana. Tazamaneni, lakini mambo yalikuwa hivyo.

Na kwa kuwa kihori kilikuwa na moyo, watu walikitunza kama kitu chenye moyo. Katika kijiji cha Mtangani, kilichozungukwa na mikoko pande tatu, fundi aliunda kihori kwanza ndipo akaruhusiwa kugusa mbao za chombo kikubwa. Mafuta ya papa, yale yaitwayo sifa, yalipochemshwa kwa ajili ya kupaka vyombo, mkono wa kwanza ulikuwa wa kihori, na mashua ilisubiri zamu yake hata kama ni ya tajiri. Mzee akifariki, wanawe waligombania kihori. Mashua waliweza kuachiana. Na juu ya yote hayo palikuwa na mwiko mmoja, ambao mtoto wa Mtangani aliujua kabla hajajua kuogelea: kihori hakipakizwi mzigo. Hakitiwi kuni, hakitiwi chumvi, hakitiwi hata kuku mmoja. Kihori ni cha watu, kwa sababu siku ya siku ikifika, chombo kikizama, hakuna atakayepata nafasi ya kushusha kuku.

Hapo Mtangani aliishi mtu jina lake Vuai, mwenye mashua kubwa kuliko zote, iliyokuwa ikibeba boriti za mikoko kuzivusha ng'ambo ya pili. Mashua hiyo aliiunda mdogo wake, Pandu, ambaye mikono yake ilisifiwa hadi vijiji vya mbali. Lakini Pandu mwenyewe hakujisifu kwa mashua. Alijisifu kwa kihori cha mashua hiyo. Alikipanua tumbo, akakipa mgongo mpana, kisha akawaita mabaharia na wake zao wakakikalia wote kwa pamoja, wakakitikisa huku na huku mpaka wakachoka wao. Hakikupinduka. Pandu akasema, "Hiki hata ukitaka kukipindua hukiwezi," na watu wakacheka, wakala wali, wakaenda zao.

Vuai alikipenda kihori kile kupita kiasi. Kila mwezi ulipoandama alikipaka sifa kwa kiganja chake mwenyewe, wala hakumwachia baharia kazi hiyo. Mkewe, Mize, alikuwa akimtania kwamba laiti yeye angekuwa na mbao mbavuni, angepata mafuta ya nywele kila mwezi. Mtoto wao pekee, Mkasi, alilelewa humo. Mchana wa joto Mize alimlaza ndani ya kihori kwenye kivuli cha mikoko, nacho kilimbembeleza taratibu mpaka mama yake amalize kusuka mkeka. Alipokua akawa anakiita "baba mdogo", kama alivyomwita Pandu, na hakuna aliyemkosoa.

Mkasi akaposwa. Mchumba alikuwa kijana wa Mchangale, ng'ambo ya Kilango, ule mkondo mwembamba ambao maji yote ya mikokoni hupita yakienda baharini. Kila mtu alifurahi. Sasa, watu wa pande zile walikuwa na ada yao: baba wa bibi harusi ndiye apelekaye chokaa ya kupaka kuta za chumba atakacholala binti yake. Chokaa hiyo haikupelekwa kabla wala baada. Ilifika siku moja na bibi harusi, tena ikiwa kavu, imetoka tanuri, haijatiwa maji, ili wanawake wa upande wa bwana waizime wenyewe kwa maji ya kisima chao. Ikifika imelowa walisema ndoa imelowa.

Mnaijua chokaa ya namna hiyo? Ni matumbawe yaliyochomwa siku tatu kwa magogo. Ukiitazama ni mawe meupe na unga, imetulia, haina habari na mtu. Iguse kwa maji uone. Huchemka, hufuka moshi, hupasuka, na mkono utakaokuwa karibu hauponi. Ndiyo maana waliosafirisha chokaa waliifunika kwa mikeka mitatu, wakaiweka katikati ya chombo ambako tone la maji halifiki.

Lakini bibi harusi hakupanda chombo kimoja na chokaa. Vumbi lake lilikuwa likiunguza macho na kuharibu hina. Kwa hiyo kila baba mwenye kuoza binti alikwenda kwa jirani, akaazima chombo cha pili. Ilikuwa kawaida, haikuwa aibu kwa mtu yeyote ila Vuai. Jirani yake, Ussi, alikuja mwenyewe bila kuitwa, akasema mashua yake ipo na mabaharia wapo. Vuai akamshukuru, akamkatalia. Alimwambia mkewe kwamba hawezi kuwasikia watu wakisema chombo kikubwa kuliko vyote Mtangani kimeshindwa kumwoza binti mmoja. Mize akamjibu kwamba watu wenye akili hawasemi hivyo, na wasio na akili watasema jingine. Vuai hakumsikia. Kiburi kikishaingia nyumbani hukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Asubuhi ya safari, maji ya bamvua yakiwa yamejaa mpaka kwenye mashina ya mikoko, watu waliokuja kumsindikiza Mkasi walikuta jambo ambalo hawajapata kuliona. Makanda ya chokaa, ishirini na moja, yalikuwa yamepangwa ndani ya kihori, yamefunikwa mikeka. Kihori kilikuwa kimezama mpaka kingo zake zinalamba maji. Wengine walirudi nyuma hatua. Wengine walitazama chini. Pandu akatoka katikati yao, akamvuta kaka yake kando.

"Kaka, hiki ni cha watu."

"Kwani nani hajui hilo?" Vuai akasema. "Ni safari moja. Kilango unakiona, maji yamelala."

"Maji hulala, hayafi."

"Pandu, mimi nimekipaka kihori hiki mafuta tangu siku kilipotoka mkononi mwako. Sijakiomba kitu hata siku moja. Leo nikikiomba hili moja, kitanikatalia?"

Pandu alikigeukia kihori. "Hakitakukatalia," alisema. "Hilo ndilo ninaloliogopa."

Akaenda kwa Mkasi, akamshika mikono yenye hina, akamwombea heri. Kisha akasimama ufukweni na hakupanda. Baba mdogo kuacha kumsindikiza bibi harusi ni fedheha kubwa, na Vuai alipandisha tanga na hasira kifuani, hakumpungia mkono.

Walikuwa watu tisa ndani ya mashua: Vuai kwenye usukani, mabaharia wanne, Mkasi, kungwi wake Bi Time, na mashangazi wawili waliokuwa wakiimba tangu alfajiri. Mize alibaki, kwa kuwa mama hamsindikizi binti yake. Alisimama akaangalia mpaka tanga likapotea nyuma ya mikoko.

Kihori kilifuata. Hakikulalamika, hakikugeuka, ila hakikuweza kwenda kama zamani. Kilijikongoja nyuma, kikabaki mbali, kikazidi kubaki. Vuai alikuwa na kazi moja tu asubuhi ile, kutazama mbele, maana Kilango kina fungu la mchanga linalohama kila mwezi na nahodha asiyelitazama hulikuta. Lakini kila alipotazama mbele, moyo ulimrudisha nyuma. Aliiwazia chokaa. Aliwaza wimbi likiruka ukingo, aliwaza wanawake wa Mchangale wakifunua mikeka na kukuta uji. Akageuza shingo kuangalia kihori kimefika wapi. Akageuza mara ya pili. Mara ya tatu alipogeuza, mashua ilipanda juu ya fungu.

Maji yalikuwa yameanza kupwa, na upepo ulikuwa unatoka baharini. Maji na upepo vikakutana uso kwa uso palepale. Wimbi la kwanza liliilaza mashua ubavu. La pili lilifungua ubao wa chini. Mlingoti ukaanguka na tanga likawafunika mashangazi wawili, na wimbo ukakatika, na hawakuonekana tena. Waliobaki wakajikuta majini, mkondo ukiwavuta.

Vuai hakuogopa. Hili lazima niliseme, kwa kuwa ndilo lililomla moyo baadaye. Kwa kitambo kile kifupi hakuogopa hata kidogo, maana alikuwa na kihori. Alifungua kinywa akakiita.

Nacho kilikuja. Kilikuja haraka kuliko kilivyopata kuja maisha yake yote, uzito wote ule tumboni, kichwa chini, kikichota maji kwa omo, yaani pua yake, kila kilipopiga hatua. Kilimpita Vuai mwenyewe. Kilimpita baharia mmoja aliyenyoosha mkono. Kilikwenda moja kwa moja kwa Mkasi, kikamlalia ubavuni ili apande, kama kilivyokuwa kikifanya alipokuwa mtoto.

Hapakuwa na pa kupanda. Pande zote ilikuwa chokaa, na maji yalikwisha kuingia. Mikeka ilianza kufuka. Kisha makanda yakapasuka moja baada ya jingine, na kihori chote kikawa chungu kinachochemka. Mabaharia wawili waliojitahidi kuyatupa makanda nje walirudisha mikono bila ngozi. Vuai akaogelea mpaka pale, akaweka mabega yake chini ya ukingo akisukuma kwa nguvu zote, ili akipindue, chokaa imwagike, watu wapate cha kushika. Hakikupinduka. Alisukuma tena na kilirudi pale pale, kimetulia vizuri juu ya mgongo wake mpana, kama Pandu alivyokiunda.

Mkasi alikuwa ameshika ukingo. Mbao zilikuwa zimekwisha kupata moto.

"Baba," alisema, "kinaunguza."

Vuai alimwambia avumilie. Ndilo neno pekee alilokuwa nalo. Mkasi alivumilia, akabadilisha mkono, akavumilia tena, kisha akaachia. Mkondo ukamchukua. Kihori kikamfuata. Kila alipoibuka kilikuwa ubavuni pake kikijitoa ashike, na kila aliposhika kilimuunguza, mpaka hakuibuka.

Bi Time alikufa, na mabaharia watatu wakafa. Kihori kilizunguka pale alipopotelea Mkasi mpaka chokaa ikaisha ukali, ikawa uji mweupe uliopoa. Halafu kilirudi kwa mwenyewe. Vuai na baharia mmoja aitwaye Machano wakashika tezi yake, upande wa nyuma, iliyoungua, na kihori kikawavuta, polepole, mpaka Mtangani. Vuai hakutaka kuvutwa. Machano alieleza baadaye kwamba mara mbili aliachia makusudi, na mara mbili kihori kilimrudia kikaingia chini ya kwapa lake.

Mize alikuwa ufukweni. Hakupiga yowe. Aliingia majini mpaka kiunoni na kuuliza swali ambalo mwanamke yeyote wa zamani zile angeuliza.

"Baba Mkasi, kihori kilikuwa wapi?"

"Kilikuja," Vuai akasema.

"Kilikuja?"

"Kilikuja, Mize."

Akakitazama kihori, akauona ule uji mweupe na mbao zilizobabuka, akaelewa. Hakumuuliza tena neno, siku hiyo wala siku nyingine. Baada ya arobaini alikunja mikeka yake, akarudi kwao.

Kihori kiliendelea kuwa kihori. Kila asubuhi maji yalipojaa kilisogea mpaka mbele ya mlango wa Vuai, kikangoja kuitwa. Vuai alifunga mlango. Alipotoka kwa nyuma kilizunguka kwa njia ya maji na kumkuta mbele. Aliweza kuvumilia macho ya watu, aliweza hata kuvumilia ukimya wa nyumba, lakini kile kitu kilichokuja na mapenzi yake yale yale, kana kwamba hakikutendewa lolote, hakuweza kukivumilia. Siku ya saba akachukua kamba ya mnazi, akakifunga kwenye mkoko. Ndiyo kamba ya kwanza. Kihori hakikujua ni kitu gani. Kilivuta, kikavuta, kikagonga shina la mkoko maji yakijaa na yakipwa, siku nyingi, mpaka kikaacha.

Mwezi ulipoandama, Pandu alikuja na kibuyu cha sifa. Alikuwa amelia hadi macho yamevimba, maana Mkasi alikuwa mwanawe pia. Alimkuta kaka yake amekaa kizingitini.

"Mbao zinakauka, kaka," alisema. "Jua litazipasua. Kihori hakina kosa."

"Najua hakina kosa," Vuai akamjibu. "Kingekuwa nalo ningekipaka mafuta kwa mikono yangu hii. Mwenye kosa husameheka. Rudi nyumbani, Pandu."

Pandu aliweka kibuyu chini akarudi nyumbani. Mafuta yale hayakutumika kwa kihori. Vuai aliagiza mashua mpya, kubwa kuliko ile, akaipaka sifa mara mbili kwa mwezi, akaichonga omo, akaitia rangi na tanga jeupe. Hakuna chombo kilichopata kutunzwa vile. Alifanya kazi kuanzia jua linachomoza mpaka linazama akiwa amekipa mgongo kihori, hatua kumi tu kutoka kilipofungwa. Mvua zikanyesha zikakijaza. Chaza wakajibandika tumboni mwake, kaa wakazaa ndani. Nyufa zikafunguka. Hakuna aliyekuwa akikumba maji kuyatoa nje.

Mtasema, haya, huyo ni Vuai na msiba wake, wenye vyombo wengine uliwapata wapi? Uliwapata pale pale. Siku ya arobaini walikuja wote kusoma na kula, na njia ya kwenda kwa Vuai ilipita kwenye mkoko ule. Kila mmoja alisimama akatazama, na kila mmoja alikumbuka jambo lake. Yule aliwahi kutia mzigo wa kuni, akasema ni mara moja. Huyu alivusha mbuzi wawili wa sadaka. Ussi mwenyewe, mtu mwema, alikuwa amepitisha makanda matatu ya chumvi mwaka juzi na kihori chake hakikusema kitu. Wote walikuwa wameuvunja mwiko, wakabahatika, wakanyamaza. Walipofika kwao jioni ile vihori vyao viliwajia kwa furaha kama kawaida, nao wakaona haya kuvigusa. Mmoja akatafuta kamba. Wengine wakamwiga, na kila aliyefunga alisema anafunga kwa ajili ya upepo.

Na kitu kilichofungwa hakifuati. Vihori vilijaribu msimu mmoja, pengine miwili, vikachoka. Waliozaliwa baadaye walivikuta vimelala ubavu matopeni, wakadhani ndivyo vilivyo. Pandu aliishi miaka mingi baada ya hapo lakini hakuunda kihori kingine. Aliyetaka kihori alikiunda mwenyewe kwa mbao zilizobaki.

Na tangu siku hiyo mwenye chombo hana jicho la kutazama kihori chake. Nendeni bandari yoyote mkaone. Chombo kikubwa kimepakwa rangi, kimeandikwa jina kwa herufi za mapambo, kina bendera na mashine mpya inayong'arishwa kwa kitambaa. Nyuma yake, mwisho wa kamba iliyooza, kuna kihori kimejaa maji mpaka kwenye kikalio, kimezibwa ufa kwa gunia, hakina kafi. Ndani yake kuna madumu, wavu uliochanika, matofali ya mtu. Mwenyewe hujua. Hupita akikiruka kwa macho. Sababu haijui, maana Vuai na Mkasi wamesahauliwa zamani. Aibu tu ndiyo aliyoirithi kwao, akaiita shughuli nyingi.

Mwulizeni habari za kihori chake siku anapopakia abiria, wanawake na watoto wakipanda kwa kushikana mikono. Hatakasirika. Atawaambia anakijua kihori hicho kinavuja, na ameshakusudia kukitengeneza, akirudi.